Shangazi na Kitufe cha Kushusha Mayai

"Shangazi, kitufe kinajuaje cha kufanya?"

Binti wa kaka yake alikuwa bado kwenye umri wa kumkalia mtu mapajani bila kuomba ruhusa, na hapo ndipo alipokuwa amekaa, kidole kimeganda mbele ya skrini ya laptopu. Alikuwa amebonyeza kitufe cha kijani kilichoandikwa SHUSHA KIDOGO. Hakikufanya kitu. Akabonyeza tena, safari hii kwa ukucha. Kimya.

"Kimekufa?"

"Hakijafa. Hakijaunganishwa tu," Shangazi akasema. "Sasa hivi ni picha, kama picha ya ng'ombe. Utamkamua ng'ombe wa kwenye picha?"

Mtoto akacheka mpaka akakaribia kuanguka, lakini hakusahau alichouliza. "Basi ukishakiunganisha, kitajuaje?"

Shangazi aliijua kazi yake. Alijua kukiunganisha. Alijua mistari ya programu inayoandikwa ili kitufe kikiguswa, roboti isogee. Lakini kulieleza jambo hilo kwa mtu ambaye bado anavaa viatu kinyume, hapo alikwama.

"Nikipata jibu zuri nitakuletea," akasema.

"Usisahau."

"Sisahau."

Meza aliyofanyia kazi ilikuwa mlango wa zamani uliolazwa juu ya kreti mbili, na waya wa kuchajia aliupitisha kwenye tundu la ufunguo, ubunifu ambao aliuonea fahari kuliko vyeti vyake vyote. Wifi yake, mwenye nyumba, hakumaliza wiki bila kusimama pale na mikono kiunoni.

"Wifi, mlango wangu wa bafuni utaurudisha lini?"

"Nikinunua meza, wifi."

"Haya. Tutazeeka tunaoga nyuma ya pazia."

Shangazi hakuanza na roboti. Alianza kwenye duka la kutoa kopi, nyuma ya mashine kubwa iliyopenda kutafuna karatasi za watu, hasa za watu wenye haraka. Wengine dukani waliipiga makofi ubavuni ili itapike. Yeye aliifungua. Siku moja akaingia bwana mmoja mwenye karakana ya kutengeneza mashine za viwanda vidogo, mtu ambaye kila mtu alimwita Injinia tu. Akamkuta msichana mkono umezama ndani ya mashine mpaka kwenye kiwiko, anaongea nayo kwa upole kama anamzalisha mbuzi. Injinia akasubiri kopi zake, akasema, "Ukichoka na kazi hii, njoo kwangu."

Akachoka kesho yake.

Kule karakana kwanza alibeba nyaya, akafagia vumbi la chuma, akawashikia wengine tochi. Kisha akajifunza kuziandikia mashine skrini zake, yaani vile vitufe na picha ambazo mfanyakazi anaziona na kuzigusa ili mashine imsikilize. Na siku Injinia alipopata kazi ya kiwanda cha mayai, alimwita akamwambia, "Skrini hii ni yako. Yote. Mimi nitafunga mota na vyuma, sitaki kuulizwa kuhusu vitufe."

Shangazi alirudi nyumbani siku hiyo akitembea kama aliyevikwa taji.

Kiwanda chenyewe, ingawa kiliitwa kiwanda, kilikuwa ukumbi mrefu wenye sakafu inayooshwa mara kwa mara, feni mbili, na harufu ya makaratasi yaliyolowana. Mayai yaliingia upande mmoja yakiwa na manyoya na uchafu. Yakaoshwa, yakamulikwa kwenye taa kuona kama yana ufa, yakapangwa kwenye trei, na trei zikapandishwa moja juu ya nyingine mpaka kimo cha mtu. Kazi hiyo ya mwisho, ya kuinua na kupanga, ilikuwa ya Mama Pacha.

Mama Pacha aliitwa hivyo kwa sababu ya wanawe wawili waliofanana mpaka yeye mwenyewe alikuwa anawapiga makofi kwa zamu asije akamwonea mmoja. Alikuwa ameinua mayai tangu pacha hao wakiwa wananyonya, na sasa walikuwa wanaota ndevu. Mgongo ukamwambia basi. Asubuhi aliinuka kitandani kwa vituo, kama gari bovu. Daktari alimkataza kuinua kitu chochote kizito kuliko sufuria, na hapo kiwandani kazi isiyo ya kuinua ilikuwa ya ofisini tu, na ofisi ilikuwa na kiti kimoja, cha Meneja.

Ndiyo maana roboti ilinunuliwa. Ilikuwa mkono wa chuma, wa mtumba, Injinia aliufufua kiungo kwa kiungo. Uliletwa umefungwa shuka jeupe, ukashushwa polepole na watu wengi wakiuzunguka, wengine wakipiga vigelegele vya utani, na kabla haujachomekwa hata umeme wapakiaji wakaupa jina: Bwana Harusi.

Kazi ya Bwana Harusi ilikuwa kuinua trei na kuipeleka juu ya zile nyingine. Lakini mayai hayalingani. Kuna trei ya mayai madogo na kuna trei ya mayai yaliyotagwa na kuku wenye hasira, kama Mama Pacha alivyosema. Kwa hiyo ule mkono ulisimama juu kidogo, na hapo ndipo mtu alipohitajika, kuushusha kwa macho yake. Bonyeza SHUSHA KIDOGO mara moja, unashuka unene wa kidole. Bonyeza tena, kidole kingine. Trei ikigusa, bonyeza ACHIA. Mtu wa kukaa kwenye kiti na kubonyeza alikuwa Mama Pacha.

"Ikifanya kazi, abaki," Meneja alimwambia Injinia mbele ya wote, kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo. "Isipofanya kazi, mashine inarudi kwenu, na huyu mama ataenda kupumzika nyumbani."

"Nani ameomba kupumzika?" Mama Pacha akanong'ona kwa Shangazi. "Nikipumzika, wale wawili watakula nini? Watakulana?"

Asubuhi ya kwanza ilikwenda vizuri ajabu. Skrini ilikuwa imefungwa ndani ya mfuko wa plastiki kwa sababu ya mikono yenye maji, na Mama Pacha aliigusa kwa ncha ya kidole, midomo imebana, kama anayemfunika mtoto aliyelala. Kidole kimoja. Kidole kingine. Achia. Wapakiaji wakapiga makofi. Meneja akatikisa kichwa kukubali. Shangazi alisimama nyuma akijifanya hajali, lakini mashavu yalimsaliti.

Mchana, mambo yakageuka.

Mama Pacha alibonyeza mara moja. Bwana Harusi akashuka kama jiwe, vidole vitatu vinne kwa mpigo, na trei ya juu ikaikalia ya chini. Sauti ya mayai thelathini kuvunjika kwa pamoja si kubwa. Ni kama mtu kukanyaga majani makavu. Kisha ute ukaanza kuteremka kwenye mrundiko, taratibu, trei baada ya trei.

"Bwana Harusi amelewa!" mpakiaji mmoja akapiga kelele.

Meneja hakucheka. "Mama Pacha, hii si kukanda unga. Unabonyeza mara ngapi?"

"Moja, bosi! Haki ya Mungu, moja!"

"Moja inaweza kufanya vile?"

Mama Pacha akaigeukia skrini, akabonyeza tena kwa kidole kidogo kabisa, jicho moja limefumba. Bwana Harusi akaruka chini tena. Majani makavu.

Shangazi akainama karibu naye. Alitaka kumsaidia, kwa kweli alitaka, lakini kilichomtoka ni, "Dada, labda kidole kinatetemeka kidogo bila wewe kujua."

Mama Pacha akamtazama. Akaanza kufuta ute kwa kitambaa, na kimya chake kilimuuma Shangazi kuliko makelele ya Meneja.

Usiku mashine ikazimwa, asubuhi ikawashwa, ikawa mpole kama malaika. Mchana, ulevi. Siku iliyofuata hivyohivyo. Wapakiaji wakaanza kusema Bwana Harusi ana mke wa pili anayemkasirisha wakati wa chakula. Shangazi akaandika programu ya kuzuia mguso wa pili ukija haraka mno baada ya wa kwanza, akidhani sasa amekikomesha kile kidole kinachotetemeka. Haikusaidia hata chembe. Akaazima mkono mwingine wa pale karakana, wa majaribio, akaufungulia skrini ileile akakaa nao kutwa nzima akibonyeza mpaka kidole kikapata rangi nyingine. Haukukosea hata mara moja.

"Basi tatizo ni mtu," Meneja akasema kwenye simu. "Kwako inakubali, kwake inakataa. Ijumaa nakuja na mwenye kiwanda. Tukivunja trei hata moja, mzibebe nyaya zenu. Na mama wa watu nitamwambia mwenyewe."

Shangazi alikata simu akakaa. Kwake inakubali, kwa yule inakataa. Skrini ni ileile, programu ni ileile, na kama kidole si tatizo, kwa sababu mguso wa pili ulikuwa tayari umezuiwa, basi kuna kitu Mama Pacha anakifanya ambacho yeye hakifanyi. Si kibaya. Tofauti tu. Na hakuna njia ya kukijua kwa kukaa karakana.

Asubuhi akaenda kiwandani mikono mitupu, hata laptopu hakubeba. Akaomba stuli, akaiweka kando ya kiti cha Mama Pacha.

"Umekuja kuhesabu vidole vyangu?" Mama Pacha akamuuliza bila kugeuka.

"Nimekuja kukaa. Wewe fanya kazi yako kama sipo."

"Kama hupo, na magoti yako yananigusa?"

Akasogeza stuli.

Wakakaa. Trei zikaenda, trei zikaja. Mama Pacha alikuwa na mwendo wake: trei kadhaa, kisha anasimama kunyoosha mgongo. Trei kadhaa, anaenda kunawa, maana anayeshika mayai lazima anawe. Anaenda kunywa maji. Anaitwa kwenye taa kuamua kama yai hili lina ufa au ni unywele. Na kila anapoondoka, kabla ya kuinua hata kisigino, anabonyeza RUDI kwenye skrini. Vitufe vyote vinapotea, inabaki picha ya kuku wa kiwanda. Akirudi, anamgusa kuku, ukurasa wa vitufe unafunguka upya, anaendelea.

Shangazi hakuwahi kufanya hivyo. Yeye alifungua ukurasa asubuhi, akaubonyeza kutwa.

"Mama Pacha, kwa nini unarudi kwa kuku kila ukiinuka?"

"Nafunga mlango." Aliona Shangazi hajaelewa, akaendelea. "Ile mashine ya zamani ya kuoshea, mwenzetu mmoja aliinuka kunywa maji, akaacha swichi wazi. Mwingine akapita na ndoo, akaiegemea. Kulikuwa na mkono wa mtu ndani. Mungu akasaidia, zikaenda kucha tu. Tangu siku ile mimi siachi kitu chenye vitufe kinatazama watu. Nikiinuka, nafunga. Hata redio nyumbani nazima."

Shangazi akaruka kutoka kwenye stuli.

"Inuka," akasema.

"Ala!"

"Samahani. Naomba uinuke, dada yangu. Weka trei tupu. Tuanze upya, zima washa."

Wakazima, wakawasha. Mama Pacha akafungua ukurasa, akabonyeza: kidole kimoja. Akarudi kwa kuku, akafungua ukurasa tena, akabonyeza mara moja: vidole viwili. Kuku, ukurasa, bonyeza: vitatu. Trei tupu ya karatasi ikakunjamana chini ya Bwana Harusi, na Mama Pacha akaweka mkono mdomoni.

"Si mimi," akasema polepole. Kisha kwa nguvu zaidi, "Si mimi!"

"Si wewe. Ni mimi."

Wapakiaji walikuwa wameanza kusogea, kwa hiyo Shangazi akawaeleza wote. Kitufe na kazi yake huunganishwa na mstari mmoja wa programu, unaosema: huyu akibonyezwa, yule aitwe. Mstari huo unatakiwa usomwe mara moja, mashine inapowashwa. Yeye aliuweka pale ukurasa unapofunguliwa. Kwa hiyo kila ukurasa ulipofunguliwa, kitufe kiliunganishwa tena, na ule muunganisho wa kwanza haukuondoka. Ni kama kuajiri tarishi mpya kila ukifungua ofisi na kumsahau wa jana pale mlangoni. Ukitoa agizo moja, wanakimbia nalo wote: asubuhi bado ni wachache, trei inazidi kushuka kidogo tu na hakuna anayeona, lakini mchana wamejaa mlangoni.

"Kwa hiyo saa za mchana," Mama Pacha akasema, "mimi nina kundi zima la matarishi?"

"Kundi zima."

"Na wote wanashusha trei."

"Wote, dada."

"Na mishahara yao anatoa nani?"

Kicheko kikapasuka, na Shangazi naye akacheka, ingawa machozi yalikuwa karibu. Kwa sababu ukilitazama vizuri, kosa hilo lilimsubiri mtu mwangalifu. Mzembe angeacha ukurasa wazi kutwa nzima na mayai yangetulia. Aliyeadhibiwa ni yule aliyefunga mlango.

"Nilikwambia kidole kinatetemeka," Shangazi akasema, sasa kwa sauti ya chini. "Nisamehe."

Mama Pacha akakunja ile trei iliyoharibika, akaitupa kwenye pipa. "Wewe rekebisha, mdogo wangu. Nikishakaa hapa mpaka Ijumaa ijayo, ndiyo nitaona kama nimesamehe."

Marekebisho yenyewe yalikuwa madogo kiasi cha kutia aibu: kuuhamisha mstari kutoka ukurasani kwenda mwanzo, mahali panaposomwa mara moja. Shangazi alimpigia Meneja kabla ya kumpigia Injinia, akamwambia kosa ni lake na Mama Pacha hakuwa na kosa lolote. "Tutaona Ijumaa," Meneja akasema.

Ijumaa mwenye kiwanda akaja, mzee mfupi aliyevaa koti la joto ingawa jua lilikuwa kali, akakaa karibu na feni. Trei ya kwanza ikashuka. Ya pili. Mama Pacha akarudi kwa kuku, akaenda kunawa. Akarudi, trei mbili, akarudi kwa kuku, akaenda kunywa maji. Akarudi, trei moja, kuku, akaenda kunawa tena.

"Anaumwa?" mwenye kiwanda akamuuliza Meneja.

"Mama Pacha," Meneja akasema huku amebana meno, "umenawa mara ngapi?"

"Usafi, bosi. Si ndiyo mnatuambia?"

Wapakiaji walikuwa wamejificha nyuma ya mrundiko, mabega yanatetemeka. Shangazi alikuwa ameshika ukingo wa meza. Mchana ukaingia, saa za ulevi. Mama Pacha akanyoosha kidole chake, ambacho kwa kweli hakikuwahi kutetemeka, akabonyeza SHUSHA KIDOGO mara moja, mbele ya macho ya kila mtu.

Unene wa kidole kimoja.

Akabonyeza tena. Kimoja. Trei ikagusa. Akaachia. Hakuna hata yai lililotoa sauti.

Mwenye kiwanda akainuka, akaiangalia trei, akamwangalia yule mwanamke kwenye kiti. "Huyu ndiye mliyesema ana mkono mzito?"

Meneja akakohoa. "Mama Pacha... chai leo ni juu yangu."

"Chai hapa ni ya kampuni kila siku, bosi."

"Basi na mkate."

Mama Pacha alibaki. Alikaa kwenye kile kiti miaka, akafundisha wengine wawili kukitumia, na sharti lake la kwanza kwa kila mwanafunzi lilikuwa kwamba ukiinuka, unafunga. Shangazi naye akaendelea kuandika skrini, za mashine ya kujaza sabuni, za mashine ya kukata vigae, nyingine mpaka akasahau. Karakana wakamzoea kuwa haanzi kazi inapotakiwa. Wenzake walipokuwa tayari wanachora vitufe, yeye alikuwa ametoweka, na ukimpigia simu unasikia nyuma yake mashine zinanguruma na watu wanataniana. "Niko kwenye stuli," ndilo jibu lake.

Likizo moja akamchukua binti wa kaka yake wakaenda pamoja. Sasa binti alikuwa amempita Shangazi kwa kimo, anasoma sekondari, ana maoni juu ya kila kitu. Wakaenda chumba cha kufulia mashuka cha hospitali, mahali penye mvuke mwingi, ambapo roboti ingekuja kumsaidia mzee mmoja kuinua mashuka yaliyolowana. Mzee alikuwa anatoa mashuka kwenye mashine, anayakamua, anayarusha kwenye mkokoteni, akipiga mluzi. Wakakaa. Wakaendelea kukaa. Nywele za binti zikalowa.

"Shangazi, tangu asubuhi hujachora hata kitufe kimoja."

"Mm."

"Na una deni langu. Nilikuuliza nikiwa mdogo, ukasema utaniletea jibu. Kitufe kinajuaje cha kufanya?"

Shangazi hakugeuka, macho yalikuwa kwa mzee wa mashuka.

"Hakijui, mwanangu. Kitufe hakijui kitu chochote. Kinapiga kelele tu: nimebonyezwa, nimebonyezwa! Mimi ndiye nachagua nani asikie kelele hizo, na akisikia afanye nini. Na mimi pia sijui, mpaka nimwone huyu babu anavyofanya akienda kunywa maji, na anavyofanya akirudi. Kwa hiyo tulia hapo. Hajaenda bado."